Kilio Kilichovuka Bonde

Kazi yangu ya kwanza kwenye filamu ilikuwa kupokea salamu. Nyie mnaonizuia kila Jumapili nje ya kanisa na kuniuliza, "Mama Gaudensia, nasi tunaingiaje?" mnadhani nina siri nawaficha. Sina. Niliingia kwa kusimama njia panda kule Kitandililo na kusema "Kamwene" kwa kila aliyepita.

Ilikuwa hivi. Wageni kutoka Dar es Salaam walikuja kupiga filamu kwenye shamba la jirani yetu. Waigizaji wawili wamesimama kwenye mahindi, mapenzi yanavunjika, machozi ndiyo yanaanza kutoka, mara anapita mama mmoja na mzigo wake wa kuni. Anasimama, anasema kwa sauti ya kusikika, "Poleni na kazi!" Kata. Wanaanza upya, machozi yanatafutwa tena. Anakuja mzee anasukuma baiskeli: "Kamwene! Poleni na kazi, jamani!" Kata. Mwongozaji akachukua boksi, akaandika kwa herufi kubwa KIMYA, TUNAREKODI, akalitundika njiani. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, maana watu walisoma lile boksi, wakaelewa kumbe kuna kazi kubwa inafanyika, wakaja kwa makundi kutoa pole.

Kwetu mtu hapiti watu walio kazini kama anavyopita uzio. Atawapa pole, na wao wataitikia. Asipofanya hivyo atasemwa, na wasipoitikia watasemwa wao. Mimi nilikuwa nimewaletea wageni chai. Nikamwambia yule mwongozaji, "Kaka, hawa hawataki kukuharibia. Wanataka salamu yao ipokelewe tu. Niache nikasimame kule chini niipokee." Aliniangalia kama mtu aliyekata tamaa anavyoangalia dawa ya kienyeji, akasema haya, nenda. Nikasimama. Kila aliyefika nilipokea salamu yake kwa niaba ya wote, na pole nikapokea, nikamweleza kinachofanyika, naye akapita kimya, roho yake nyeupe. Kazi ikaisha kabla mvua haijanyesha.

Tangu hapo kila kikosi kilichokuja Makambako au Njombe kilitafuta mpokea salamu, na hadi leo mnaporusha droni juu ya mashamba ya chai, nafasi hiyo ipo. Msiidharau. Mpokea salamu mzuri anajua nani anaumwa, nani anaozesha, na lori la mbao litapita saa ngapi. Mwongozaji anayejua hayo halali na wasiwasi.

Kwenye sauti nilivutwa na Fundi Festo, Mungu amlaze pema. Alikuwa fundi redio karibu na stendi ya Makambako, akaanza kurekodi kwaya, halafu harusi, halafu kipaimara, mwisho filamu. Mimi nilikuwa mwimbaji wa sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia, na nikadhani amenichagua kwa sababu ya masikio. Siku moja akanirekebisha. "Wenye masikio ni wengi," alisema. "Anayejua kufunga mdomo ndiye adimu. Nimekuona kwenye mazoezi, wenzako wakigombana wewe unakunja kitabu unasubiri."

Somo lake la kwanza halikuwa na mashine. Tulifika mahali, akaniambia nikae, nifumbe macho, nimtajie ninachosikia.

"Jogoo," nikasema. "Mashine ya kusaga. Watoto wa shule."

"Na nini tena?"

"Basi."

"Na upepo je?"

"Aa, upepo si upo siku zote?"

"Ndio huo utakaokuumbua."

Akawa amesema kweli. Mtu wa Makambako hasikii upepo wa Makambako, kama ambavyo huusikii moyo wako mwenyewe. Maikrofoni inausikia. Kazi yangu ya kwanza ya kurekodi, harusi ya mtoto wa mwalimu, ilitoka upepo mtupu na neno "ndiyo" moja la bwana harusi. La bibi harusi halikusikika, na shangazi zake hadi leo wananitania kwamba ile ndoa ni ya upande mmoja. Fundi Festo hakunigombeza. Alinituma nikanunue ngozi ya kondoo kutoka Makete, yenye manyoya marefu, tukaishona mfuko, tukaivalisha maikrofoni. Upepo ukakoma. Tatizo likawa mbwa. Mbwa wa kijijini akiona kitu chenye manyoya kinaning'inia juu ya vichwa vya watu wanaonong'onezana, hakubali. Kwa hiyo ukiingia kwenye mji wa mtu, kabla ya kusimika chochote, mwonyeshe mbwa ile ngozi, ainuse mpaka aichoke. Hili hamtalikuta kwenye mafunzo ya mtandaoni.

Na fito, ule mti mrefu wa kuning'iniza maikrofoni juu ya vichwa vya waigizaji. Fito ya dukani ilivunjika mwaka wa pili, na mpya tungeipata wapi? Fundi Festo akakata mwanzi, akaukausha juu ya moshi wa jiko la mkewe mpaka ukawa mwepesi na mgumu. Mimi kwa haraka yangu, siku moja nikakata wa kwangu msimu wa ulanzi, ile pombe inayogemwa kwenye mwanzi, ukiwa mbichi na utamu wake. Nikauinua juu ya waigizaji. Nyuki wakaja. Mwigizaji mkuu, mtu mzima mwenye jina lake, alikimbia hadi barabara ya lami. Tangu siku hiyo kikosi kizima kiliniita Mama Asali.

Kuna na lile la mvuke. Mwezi wa saba, Njombe, asubuhi, tunaigiza joto la pwani. Kaka wa watu ameachwa kifua wazi, anajipepea na gazeti, analalamika jua kali, na kila anapofungua mdomo unatoka moshi kama chungu cha viazi. Hakuna aliyeliona pale, wote tulikuwa tunatoa moshi. Tuliliona kwenye kioo baadaye, tukacheka mpaka mwongozaji naye akacheka. Dawa yake ni hii: mpe mwigizaji maji ya baridi ya kijito, ayashike mdomoni, ayateme tu mwongozaji akisema tayari. Mdomo ukiwa baridi hautoi mvuke. Atakuchukia, meno yatagongana, lakini picha itakuwa safi.

Nawachekesha, lakini mjue kitu kimoja kilikuwa kinaniuma miaka yote hiyo. Wenzetu wa Dar walikuwa na jina moja kwa ajili yetu sote: vijana wa kubeba. Hata mimi niliyekuwa na wajukuu nilikuwa kijana wa kubeba. Walikuja na kikosi kizima ndani ya basi, wakaugua baridi, wakachukua mandhari yetu na ukungu wetu, wakaondoka. Sisi tulishika, tulibeba, tuliondoa. Niliona vijana wa hapa wenye mikono mizuri wakikata tamaa, wanarudi kwenye mbao na viazi, na nilijua kama hakuna mmoja wetu atakayepewa kazi nzima, hakuna atakayepewa hata baada yetu.

Ndipo nikamfuata Bwana Sudi. Alikuwa mwenye kazi na mwongozaji kwa pamoja, mtu wa haraka, si mtu mbaya. Alikuwa anatafuta mahali pa kupiga tamthilia ndefu kuhusu familia ya wakulima wa nyanda za juu. Nilimkuta Njombe mjini anakunywa chai, nikakaa bila kukaribishwa.

"Bwana Sudi," nikamwambia, "safari hii usilete basi. Mpiga picha tunaye, anaitwa Sanga. Sauti ni mimi. Taa, mavazi, watu wa kila kitu tunao. Tupe kazi yote, si mizigo."

Alikoroga chai yake muda mrefu. "Mama, nina watu wananidai kazi hii isiharibike. Nitawapa vipande vya kwanza, kule Makete. Vikienda vizuri, tamthilia nzima ni yenu. Vikiharibika, naleta watu wangu, na nyie mtabeba kama kawaida. Usije ukalia."

"Silii," nikamjibu.

Sanga alifunga studio yake ya picha pale Makambako. Tumaini, mpokea salamu wetu, mwanaume wa makamo mwenye sauti ya padri, aliacha kazi kwenye kiwanda cha mbao. Wote waliniamini, na nawaambia ukweli, nilikuwa na hofu kila nikiwatazama.

Tukaenda Ipelele, huko huko Makete. Mwenyekiti wa kijiji akatupokea vizuri, akatupa nyumba moja juu ya bonde. Kazi ikaenda kama tulivyoomba. Bwana Sudi alianza kunyamaza, na mwongozaji akinyamaza ujue ameridhika. Likabaki tukio la mwisho: mke anapokea habari kwamba mumewe ameangukiwa na mti msituni. Analia.

Mwigizaji alikuwa Mwanaidi, binti wa Muheza, mpole, anayekaa pembeni na kitambaa chake cha kufuma. Kwa mujibu wa skripti angelia ndani, mlango umefungwa, na mwenyekiti alikuwa amewaambia watu wa nyumba za jirani wasishtuke. Asubuhi ile ukungu ukainuka ghafla. Bonde lote likafunguka, jua likapiga mashamba ya ng'ambo, viazi vimetoa maua. Bwana Sudi akatoka nje, akashika kiuno.

"Alie hapa," akasema. "Uwanjani. Bonde lionekane nyuma yake."

Sanga akasema mwanga ni mzuri. Mimi nikasema sauti itakuwa nzuri. Tumaini akaenda kusimama kwenye njia ya juu. Sote tulikuwa watu wa huku, tumezaliwa huku, na hakuna aliyeuliza jambo ambalo mtoto yeyote wa Ipelele angeliuliza. Tulikuwa tumejivika ufilamu mpaka tukasahau kwetu.

Mwanaidi akalia. Wanangu, nimesikia vilio vingi vya kuigiza, vingi ni kelele. Hiki kilitoka mahali pengine. Kilishuka bondeni, kikagonga ng'ambo, kikarudi. Bwana Sudi akasema, "Tena." Akalia tena. "Tena, toka chini kabisa." Akalia tena. Kilio kikitoka mara moja, watu husema mtoto kaanguka. Kikirudia kwa mpangilio ule, huku juu kina maana moja tu.

Kwenye hedifoni tangu asubuhi nilikuwa nasikia majembe ng'ambo ya bonde, kwa mbali. Baada ya kilio cha tatu majembe yakanyamaza. Mjinga mimi nikafurahi. Nikadhani tumepata ukimya.

Walianza kutokea kwa njia ya chini, ile ambayo hatukuweka mtu. Kina mama mbele, mmoja nyuma ya mwingine, unga kichwani, viazi, maharage, mizigo ya kuni. Nyuma yao wanaume na majembe na sepetu za kuchimbia. Hawakuongea. Na kutoka njia ya juu wakaja wengine, na aliyewatangulia, kofia mkononi, machozi yanamtiririka, alikuwa Tumaini.

"Tumaini!" nikamnong'oneza. "Si wewe ndiye mpokea salamu? Mbona hukuwazuia?"

"Mama, anayekwenda msibani anazuiwaje?" akasema. "Na mimi nilisikia, kile hakikuwa kilio cha kuigiza. Nikajua Sanga kapigwa na umeme wa zile nyaya zake."

Sanga akatoa kichwa nyuma ya kamera. Tumaini alipomwona mzima alimkumbatia palepale, kisha akaelewa, akakaa chini.

Mwenyekiti akapita katikati ya watu. "Nani amefariki?"

Bwana Sudi akavua miwani. "Wazee wangu, samahani sana. Hakuna aliyefariki. Ni igizo. Ni filamu tu."

Mwenyekiti alitazama wale watu wake, akawatazama mmoja mmoja, halafu akamgeukia Bwana Sudi bila kupandisha sauti.

"Igizo," akasema. "Watu wameacha viazi. Huyu mama ametoka ng'ambo na mgongo wake unavyomuuma. Vijana wameshika majembe ya kaburi. Sasa niambie, bwana, kaburi la igizo tulichimbe wapi?"

Bwana Sudi akasema atatuma gari likalete soda kwa ajili ya wote. Alikuwa na nia njema, maskini, lakini watu waligeuza nyuso. Mwenyekiti akasema, "Fungeni vitu vyenu." Nikaona Sanga anateremsha kamera taratibu, na nikajua tamthilia imekwenda, na studio yake imekwenda, na wote walioniamini wanarudi kubeba.

Katika zogo lile hakuna aliyemwangalia Mwanaidi. Alikuwa bado amekaa chini pale pale. Bwana Sudi alishasema kata zamani, naye hakuwa ameacha kulia. Fito yangu ilikuwa bado juu yake, mikono ilikuwa imeganda, na mashine kiunoni inaendelea kurekodi. Ndipo bibi mmoja, Bibi Yudita, yule wa mgongo unaouma, akateremsha ndoo yake ya unga, akaenda kuchuchumaa mbele yake. Mimi pekee ndiye niliyesikia, kwa sababu ya hedifoni.

"Mwanangu," bibi akasema, "hawa wanasema ni mchezo. Mimi nimekaa kwenye misiba tangu sijaolewa. Huu si mchezo. Nani amekufa?"

Kwa mujibu wa skripti aliyekufa ni mume. Mwanaidi akajibu, "Mama."

"Mama yako wewe mwenyewe?"

"Mama yangu. Masika haya haya. Nilikuwa kazini mbali, nikafika wameshazika."

"Ukalia?"

"Kazi ilikuwa inaendelea, bibi. Sikulia."

Kidole changu kikaenda kwenye kitufe, nikazima. Taa nyekundu ya mashine ikazimika, nikateremsha fito. Msiniulize nilifikiria nini. Sikufikiria kitu.

Bibi Yudita akasimama kwa shida, akawaambia watu wake kwa Kikinga, halafu kwa Kiswahili ili nasi tusikie. "Msiba upo," akasema. "Umechelewa kufika, basi. Huyu mtoto hajalia mama yake."

Hakuna aliyebishana naye. Kina mama wakamzunguka Mwanaidi, mmoja akavua kitenge chake akamfunika mabega, wakaanza kuimba. Nyimbo zilikuwa za kanisani, naye ni Mwislamu, hakuzijua. Hakuna aliyejali na yeye mwenyewe hakujali. Wanaume waliweka majembe chini wakawasha moto, wakakaa. Unga ukapikwa, viazi vikapikwa. Mwenyekiti alivua kofia yake. Bwana Sudi, na hili mlijue kwa heshima yake, alienda kukaa kwenye magogo pamoja na wanaume, akala alichopewa, na wakamuuliza kuhusu marehemu naye akasema anachokijua. Tumaini alizunguka na maji ya kunawa kama mwenye nyumba. Tulikaa hivyo mpaka jua lilipoanza kushuka, na Mwanaidi alipolala kwenye mapaja ya mama asiyemjua, uso wake ulikuwa umetulia.

Kisha Bwana Sudi akaniita kando ya gari.

"Mama Gau, yale maneno ya bibi na Mwanaidi, na zile nyimbo. Unayo sauti yake?"

"Sina. Nilizima."

"Ulizima?" Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. "Hakuna mtu wa sauti anayezima. Nyumba ikiungua hazimi. Ile ilikuwa sauti ambayo mtu anaitafuta maisha yake yote."

Alikuwa sahihi. Ndiyo kanuni ya kazi, hata Fundi Festo alinifundisha hivyo: picha ikikata, wewe endelea, hujui kitakachokuja. Nilikuwa nimekaa na kanuni hiyo miaka yote bila kuivunja, nikaja kuivunja siku ambayo kazi ya watu wote wale ilikuwa mikononi mwangu.

"Siku imepotea," akaendelea, "tukio halijakamilika, na kijiji kinatufukuza. Nitawaita watu wangu, mama. Sina jinsi."

Nikaenda kumwambia Sanga. Hakunilaumu. Alikuwa anafuta lenzi iliyokwisha kuwa safi, akaendelea kuifuta. Kwa kweli ningependelea anilaumu.

Asubuhi tukaongozana na Bwana Sudi kwenda kwa mwenyekiti, kuomba radhi na kuomba nafasi nyingine. Mwenyekiti alikuwa amekaa nje na wazee, na Bibi Yudita yupo, amekaa kwenye kigoda anapasha miguu moto. Tulipewa viti. Bwana Sudi akaomba radhi vizuri, kwa adabu, bila kutaja soda. Akasema anaomba arudi baada ya siku chache na kikosi kingine.

"Kikosi kingine ni watu gani?" mwenyekiti akauliza.

"Wataalamu wangu kutoka Dar es Salaam."

Bibi Yudita akainua kichwa. "Na huyu mama wa fito?"

"Atakuwepo, bibi. Atasaidia kubeba."

Bibi akaminya midomo. "Mimi jana sikukaa pale kwa bahati," akasema. "Mjukuu wangu wa Makambako ana haya madude, najua taa nyekundu ina maana gani. Yule mtoto alipomtaja mama yake, nilitazama kiunoni kwa huyu mama. Nikaona taa imezimika. Ndipo nikawaambia watu wakae. Ingebaki inawaka, ningebeba unga wangu nikarudi ng'ambo."

Nilitazama mikono yangu. Machozi yalinitoka, nami nilimwahidi Bwana Sudi sitalia.

Mwenyekiti akasema taratibu, "Bwana, hatukatai filamu. Watu wa huku wangependa kujiona. Lakini siwezi kumkabidhi mtu kijiji nisipojua kama atazima. Huyu tumeshamwona. Akiwa yeye na watu wake, njooni hata mwaka mzima. Na kilio uwanjani hapana. Mtu akiitwa bure mara mbili, ya tatu haji, na ya tatu ndiyo yenye maiti."

Ndiyo maana, kwa mlioiona tamthilia ile, mke anapopata habari hatoi sauti hata kidogo. Anakaa chini tu, na kina mama wanaanza kushuka njia ya ng'ambo na unga kichwani. Watu hunipongeza kwa ubunifu ule. Huwa nawaambia wampongeze mwenyekiti. Na Mwanaidi huwa anakwenda Ipelele kila akipata nafasi; mara ya mwisho alibeba vitenge, akarudi na gunia la viazi asilojua atalifikishaje Muheza.

Lakini turudi kwa Bwana Sudi asubuhi ile. Sikujua atasema nini, na Sanga aliyekuwa amesimama kando ya gari hakujua pia. Mzee mmoja alikohoa. Bibi akageuza miguu yake upande wa pili wa moto. Kisha Bwana Sudi akageuza kiti chake, akaacha kumtazama mwenyekiti, akanitazama mimi. Miaka yote ile watu wa Dar walikuwa wananiambia la kufanya. Sishangai, kazi ndivyo ilivyokuwa. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza.

"Mama Gau," akasema, "leo tunaanza saa ngapi?"

Nikafuta uso, nikatazama bondeni. Hakukuonekana kitu.

"Ukungu ukiinuka," nikamwambia. "Kaa kwanza unywe uji."